Kanga na Kuku Ua Mmoja: Mwongozo kwa Mfugaji wa Mbesa

Mbesa, katika Wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma, ni nchi ya kanga. Mvua zikikatika na majani kukauka, makundi yao huonekana kandokando ya mashamba wakidonoa punje zilizodondoka wakati wa mavuno. Mfugaji wa kuku wa kienyeji anayewaona kila mara hujiuliza kwa nini asiwe nao uani kwake. Inawezekana, na faida zipo. Nyama ya kanga inapendwa, yai lake lina ganda gumu linalovumilia safari ya barabara mbovu, na akishakua hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chake. Tena ni mlinzi: akimwona mwewe au nyoka hupiga kelele, na kuku nao hukimbilia kujificha.

Hata hivyo, kanga wengi wanaoletwa nyumbani hawakai. Wengine hufa wakiwa vifaranga, wengine hukua vizuri halafu siku moja wanapanda juu ya mti na hawarudi tena. Matatizo hayo mawili yana dawa moja, nayo ni kuku. Kuku aliyezoea banda ndiye atakayeatamia mayai ya kanga, atakayewapasha joto vifaranga na atakayewafundisha kurudi jioni. Kwa hiyo tengeneza kundi zuri la kuku kwanza, kisha waachie kuku kazi ya kukulelea kanga.

1. Anza na sheria

Kanga wa porini ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kumtega, kumkamata au kuokota mayai yake bila kibali ni kosa. Kwa mtu wa Tunduru jambo hili liko karibu sana na mlango. Wilaya hii imo katika ushoroba unaounganisha Selous na Hifadhi ya Niassa ng'ambo ya Mto Ruvuma, na ndani yake kuna jumuiya za uhifadhi za wananchi, Nalika na Chingoli. Usimwambie mtoto akuletee mayai aliyoyakuta kichakani, hata kama ni machache.

Nenda kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya kabla hujatoa fedha yoyote. Muulize kibali gani kinahitajika kufuga kanga, kipi kinahitajika kuwasafirisha na kipi kuwauza. Ukinunua mayai au vifaranga kwa mfugaji mwingine, mwombe naye akuonyeshe kibali chake, na uchukue stakabadhi. Ziweke karatasi hizo pamoja na daftari la mifugo.

Kuna sababu ya ufugaji pia. Kanga aliyekamatwa mkubwa hazoei ua. Atajigonga ukutani, atakataa kula, na akipata upenyo ataruka. Anza na mayai au vifaranga wachanga.

2. Kuku wako wako tayari?

Jipime kwa maswali manne. Je, kuku wako wote wanalala bandani kila usiku? Je, wamechanjwa mdondo, ambao wengine huuita kideri? Je, unao angalau majike wawili watulivu, wakubwa wa mwili, ambao wamewahi kuatamia na kulea vifaranga hadi wakakua? Je, chakula kinakutosha kiangazi kizima? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, shughulikia hilo kwanza. Banda linaloingiliwa na nguchiro halitawalinda kanga, na mdondo ukiingia uani hauchagui ndege wa kuacha.

Idadi ya kuanzia isiwe kubwa. Lenga kubaki na kanga wakubwa sita hadi kumi. Usianze na mmoja au wawili, kwa maana kanga ni ndege wa kundi na akikosa wenzake hutangatanga. Katika kundi hilo dume mmoja anatosha majike wanne.

3. Banda

Kanga na kuku wanaweza kulala banda moja mradi nafasi inatosha. Hesabu mita moja ya mraba kwa ndege watatu wakubwa. Matofali mabichi na nyasi za kuezeka vinafaa kabisa, ila angalia mambo haya:

- Fito za kulalia. Kanga hupenda kulala juu kuliko kuku. Weka fito za ngazi mbili, za chini kwa ajili ya kuku na za juu, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, kwa ajili ya kanga. Ukimnyima urefu ndani ya banda, ataufuata juu ya mwembe.
- Mwanga. Kanga haingii mahali penye giza. Acha dirisha la wavu karibu na paa ili jioni ndani pawe na nuru kidogo.
- Sakafu kavu. Inua sakafu kuliko ardhi ya nje, chimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua, na tandaza maranda au pumba za mpunga. Ondoa sehemu iliyolowa kila unapoiona.
- Matundu. Ziba kila upenyo, hata ulio mdogo. Kanu, kicheche na nyoka hawahitaji mlango, na kenge hufuata mayai mpaka kwenye kiota.

Ukitaka kumshika kanga, mshike mwili mzima kwa mikono miwili huku ukiyabana mabawa. Usimkamate miguu kama ufanyavyo kwa kuku, kwa sababu miguu yake huumia upesi. Fanya kazi hiyo usiku kwa utulivu. Kanga wakishtuka hurundikana kona moja na kukanyagana mpaka kufa.

4. Mayai yapi, na kuku yupi

Kanga hutaga kwa msimu. Huku kwetu mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha mwezi wa Aprili, na utagaji hufuata mvua hizo. Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Mayai ya mwanzo wa mvua hutoa vifaranga mwezi Januari na Februari, wakati majani yanalowa kutwa. Kifaranga wa kanga akilowa hupata baridi, na akipata baridi hufa. Kwa hiyo yale ya mwanzo kula au uza kwa kufuata kibali chako. Mayai ya kuatamisha yawe ya mwezi Machi, ili vifaranga watoke Aprili mvua zinapopungua na wakulie kwenye ardhi kavu. Kanga huanza kutaga akiwa na miezi saba au nane, hivyo vifaranga wa Aprili watakuwa tayari kutaga mvua mpya zinaponyesha.

Chagua mayai safi, yasiyo na ufa, yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa. Yaweke mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikiangalia chini. Usiyaoshe.

Kuku mkubwa anaweza kufunika mayai 15 hadi 18 ya kanga, kwa kuwa ni madogo kuliko ya kuku. Mwenye mwili mdogo mpe 12. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, la kanga kwa siku 26 hadi 28. Tofauti hiyo ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi. Ukiyachanganya siku moja, vifaranga wa kuku watatoka kwanza, mama atanyanyuka nao, na mayai ya kanga yatapoa yakiwa na vifaranga hai ndani. Njia salama ni kumpa kuku mmoja mayai ya kanga peke yake. Kama ni lazima kuchanganya, tanguliza ya kanga, kisha baada ya siku 7 ongeza ya kuku yaliyotiwa alama ya penseli.

Chagua kuku aliyeanza kuatamia siku chache tu zilizopita, maana aliyekaa muda mrefu anaweza kuchoka kabla ya siku ya 28. Mpake majivu chini ya mabawa dhidi ya chawa, muwekee maji na nafaka karibu, na mweke chumba chake ili majike wengine wasimtagie juu. Siku ya 10 pima mayai usiku kwa tochi yenye mwanga mkali, kwa sababu ganda la kanga ni nene. Yasiyo na mishipa ya damu yaondoe.

5. Wiki sita za kwanza

Tumia nguvu zako nyingi hapa. Kanga mkubwa ni mgumu kuliko kuku, lakini kifaranga wake ni dhaifu kuliko kifaranga wa kuku. Anatishiwa na mambo manne: unyevu, baridi, njaa ya protini, na kuzama.

Mfungie mama na vifaranga wake kwenye chumba kikavu au chini ya tenga kubwa. Sakafu iwe na mkwaruzo: tandika gunia la katani, usitandike gazeti wala nailoni. Kifaranga anayeteleza miguu yake hupanuka pembeni, na hapo hapati kusimama tena. Bakuli la maji liwe la kina kifupi, ulijaze kokoto safi ili wanywe katikati ya mawe wasitumbukie.

Kama vifaranga hawana mama, joto la wiki ya kwanza liwe kati ya nyuzi 35 na 37, halafu lipunguze nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakirundikana wanasikia baridi. Wakikimbilia pembezoni huku midomo wazi wamezidiwa na joto. Wakitawanyika na kula, umepatia. Ukitumia jiko la mkaa, liwashie nje mpaka moshi uishe, lizungushie wavu, na acha hewa ipite, kwa kuwa gesi ya mkaa huua vifaranga na watu pia.

Chakula chao kinahitaji protini ya karibu asilimia 24, zaidi ya kile cha vifaranga wa kuku wa mayai. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kinakaribia zaidi, nacho hupatikana kwenye maduka ya mifugo mjini Tunduru au Songea. Kiongezee protini kwa vitu vya nyumbani:

- usipa wa Ziwa Nyasa, uliokauka vizuri na kusagwa unga;
- mashudu ya ufuta au alizeti, yasiyo na ukungu;
- yai la kuchemsha lililokatwakatwa, kwa siku za mwanzo;
- mchwa, ambao kifaranga wa kanga huwakimbilia kuliko chakula kingine chochote.

Mchwa si shida kuwapata. Jaza chungu kikuukuu mabua makavu na samadi ya ng'ombe au mbuzi, nyunyiza maji, kipindue juu ya njia ya mchwa karibu na kichuguu, na kifunike kwa majani yasipigwe na jua. Siku inayofuata asubuhi kifunue, uwakung'utie vifaranga. Mahindi matupu hayatoshi. Yanashibisha tu bila kujenga mwili. Na karanga zilizoota ukungu usimpe ndege yeyote, kwani zina sumu inayoharibu ini.

Baada ya wiki mbili unaweza kuwatoa nje na mama yao, ila umande uwe umekwisha kukauka. Mvua ikitanda, warudishe. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutomwachia kanga jike alee watoto wake: huondoka nao alfajiri, akawapitisha kwenye majani marefu yenye umande, na jioni hurudi na wachache. Kuku hutembea taratibu, hukaa karibu na nyumba, na huwafunika kila wanapolia.

6. Kuwafungulia

Wakifika wiki sita manyoya yamefunika mwili, lakini bado usiwaache huru kutwa. Waendelee kulala banda hilohilo hadi wiki ya kumi au kumi na mbili, walishwe humo na wanyweshwe humo, mpaka hilo liwe ndilo kwao. Kila unapowalisha toa ishara moja isiyobadilika, mbinja au kugonga bati.

Siku ya kwanza wafungulie nusu yao tu, saa moja kabla ya giza, wakiwa na njaa. Wale watakaobaki ndani wataita, na walio nje hawatakwenda mbali. Piga ishara, mwaga mtama mlangoni, waingie. Kesho yake badilisha nusu nyingine. Ongeza muda kidogo kidogo. Hata wakishazoea, punje za jioni zitolewe bandani kila siku, kwa sababu siku utakayoacha ndiyo watakayojaribu mti.

7. Amani kati ya kuku na kanga

Kanga waliolelewa na kuku huwatambua kuku, lakini hilo haliondoi ugomvi wote. Kwenye chakula kanga ni mbabe. Hudonoa, hufukuza, na kuku wachanga hubaki na njaa. Weka vyombo vya chakula na maji sehemu mbili au tatu zilizotengana, na vifaranga wa kuku uwatengee kizuizi cha fito ambacho wakubwa hawapiti.

Mvua zinapokaribia, dume la kanga humkimbiza jogoo na kumnyofoa manyoya kwa nyuma. Ua wenye nafasi na vichaka vichache vya kujificha hupunguza vita hivyo. Akizidi, mfungie siku chache peke yake, na asipobadilika mwondoe. Ili usibaki na madume mengi, wajue mapema. Kuanzia wiki ya nane hivi sikiliza sauti: jike ana mlio wa vipande viwili, cha pili kikipanda juu, ilhali dume hana mlio huo kamwe. Wakikua, vinyama vinavyoning'inia pembeni mwa mdomo wa dume huwa vikubwa zaidi.

Jogoo anaweza kumpanda kanga jike na yai likaanguliwa, lakini kifaranga atakayetoka ni tasa. Ukitaka mayai ya uzazi, hakikisha majike yana dume lao.

Kanga huficha kiota, na majike kadhaa hutagia mahali pamoja. Wafungie bandani mpaka saa sita mchana kwa wiki kadhaa za mwanzo wa msimu, uwatengee kona yenye nyasi, na wengi watatagia humo. Ukikuta kiota nje, acha mayai manne au matano kila unapokusanya. Ukiyamaliza yote watahama.

8. Chanjo na magonjwa

Mdondo ndio adui wa kwanza wa ua. Kanga huvumilia zaidi kuliko kuku, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa anaweza kubeba virusi akionekana mzima na kuwaambukiza kuku wako. Kwa hiyo chanja ndege wote siku moja. Tanzania tunayo chanjo ya I-2 inayostahimili joto, iliyoanza kutengenezwa Temeke kwa jina la Temevac. Kustahimili joto kwake kunaifaa sana sehemu iliyo mbali na majokofu, ingawa bado ibebwe kwenye ubaridi na kukingwa na jua. Hutolewa tone moja jichoni kwa kila ndege, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila miezi 3. Kichupa kimoja kinatosha ndege wengi, hivyo panga na majirani siku moja mkichange. Usikose ile ya Julai au Agosti, maana mdondo hushambulia sana kiangazi.

Minyoo huwasumbua kanga kwa sababu ya kudonoa wadudu kutwa. Wape dawa kila miezi 3 kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Kuhara damu huja pale sakafu inapolowa. Ukiona kinyesi chenye damu kwa vifaranga, badilisha matandiko siku hiyohiyo na muone afisa mifugo wa kata akuelekeze dawa. Kama una bata mzinga, usiwaweke eneo moja na kuku wala kanga. Kuku na kanga hubeba minyoo inayoeneza ugonjwa wa ini unaowaua bata mzinga.

Ndege mgeni, awe kuku au kanga, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

9. Shamba, mikorosho na jirani

Kanga hachakuri bustani kama kuku, lakini hufukua mbegu. Desemba watu wanapopanda karanga na mahindi, kundi moja linaweza kuharibu kazi ya jirani kwa asubuhi moja. Wafungie mpaka mimea iwe na majani manne, na umweleze jirani mapema kwamba unafuga. Mjulishe pia kuhusu kelele, na akipata hasara mlipe bila kuvutana. Mfugaji mwenye maelewano na jirani ndiye anayeitwa kanga wake wakipotea. Asiye nayo hupata habari baada ya kitoweo.

Kuanzia Mei hadi Agosti mikorosho hupigwa salfa dhidi ya ubwiri unga, pamoja na viuatilifu vya wadudu. Kundi lako hujilisha chini ya mikorosho hiyohiyo. Uliza ratiba ya jirani, wafungie siku ya kupiga, na kama ni dawa ya wadudu waendelee kukaa ndani kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kanga akila panzi aliyekufa kwa sumu, sumu hiyo inaweza kufika mezani kwako.

Usimtegemee kanga kumaliza nyoka na kupe. Anakula wadudu wengi na anatoa taarifa ya nyoka, lakini kufyeka nyasi kuzunguka nyumba na kufunga banda kabla ya giza bado ni kazi yako.

10. Kalenda ya mwaka wa kwanza

- Agosti hadi Oktoba: chanja kuku, karabati banda, nenda ofisi ya wanyamapori, tafuta mfugaji mwenye kibali.
- Novemba hadi Februari: chagua kuku walezi, hifadhi mashudu na usipa, rudia chanjo.
- Machi: leta mayai, waatamishie kuku wawili kwa siku moja ili mmoja akiacha mwingine aendelee.
- Aprili na Mei: lea vifaranga, wakinge na unyevu, wape tone la kwanza la chanjo kwa ushauri wa afisa mifugo.
- Juni na Julai: wafungulie taratibu, tenga madume ya ziada, fuatilia ratiba ya salfa.
- Agosti hadi Novemba: chanjo na dawa ya minyoo, punje kila jioni, andaa kona ya kutagia.

Andika kila kitu kwenye daftari: mayai uliyoweka, yaliyoanguliwa, waliokufa na sababu yake, chakula ulichonunua. Msimu wa pili utaamua kwa hesabu zako mwenyewe kama uongeze kundi au ulibakize lilivyo. Na katika hesabu hizo mpe kuku mlezi nafasi ya juu: yule aliyekaa siku 28 akatoka na vifaranga wengi hai, usimchinje wala usimuuze, bali chukua mayai yake uzalishe walezi wengine.